Ndege wa Lumakanda na jibu tulilolitoa kwa haraka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba ndege na kuwaonyesha njia zao angani, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu, akina mama, akina baba na vijana, wengi wenu mmetuuliza tunakwenda kufanya nini bara kila shule zinapofungwa. Jibu la kwanza ni jepesi: tunakwenda kusomesha watoto Qur'ani katika masomo ya likizo. Jibu la pili ni refu kidogo, na ndilo tunaloliandika leo, kwa kuwa ndani yake limo kosa letu. Kosa la msomeshaji lililotoka mbele ya watu hurekebishwa mbele ya watu.

Lumakanda ni mji mdogo ulio katika kaunti ya Kakamega, upande wa Lugari. Kutoka Mombasa tulipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Eldoret, kisha matatu iendayo Webuye kupitia Turbo, na mwisho bodaboda iliyotuacha mlangoni mwa mwenyeji wetu tukiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nchi ile iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi yake humfanya mtu wa pwani atafute shuka la pili. Zamani ilikuwa ya masetla. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, mashamba yale makubwa yalinunuliwa na serikali na kugawanywa kwa wananchi, na hadi leo ni nchi ya mahindi, shamba kwa shamba, ua kwa ua.

Waislamu wake si wengi, lakini si wageni. Baba wa mwenyeji wetu alihamia hapo kutoka Mumias, na Mumias ni jina ambalo wazee wetu wa pwani walilijua vyema, kwani misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipumzika kwa akina Nabongo tangu karne ya 19, na Uislamu ukabaki pale baada ya misafara kwisha. Kwa hiyo tulipoketi kula ugali kwa kuku na mrenda, tukasikia Fatiha ikisomwa kwa sauti za watoto wa Kiluhya, hatukujiona ugenini.

Masika

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Aprili. Nyuma ya nyumba ile ardhi huteremka hadi kwenye bwawa la zamani lililochimbwa enzi za masetla ili kunywesha ng'ombe. Juu ya bwawa mna kinamasi chenye mafunjo na matete, na chini yake kijito kinachoteremka kuelekea mto Nzoia. Mvua zilikuwa zimeanza na watu walikuwa wakipanda. Kila alfajiri, baada ya sala, tulikuwa tukishuka bwawani pamoja na watoto waliokwenda kuchota maji, na hapo tulianza kusoma kitabu kingine, ambacho watoto ndio walikuwa walimu na sisi tulikuwa wanafunzi.

Wao walituonyesha mdiria, anayesimama hewani juu ya maji kama aliyefungwa kwa uzi, kisha anajitupa na kutoka na kidagaa mdomoni. Walituonyesha fundichuma, yule ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo, ambaye hujenga kiota kikubwa cha vijiti katika panda ya mti, kikubwa kiasi cha mtu mzima kukisimamia. Walituonyesha kwarara wakitembea nyuma ya plau na yangeyange wakifuata ng'ombe. Dudumizi tulimjua wenyewe, kwa kuwa huko kwetu pia akilia watu husema mvua iko njiani, na watoto walifurahi kusikia kwamba ndege wao ana jamaa pwani.

Lakini aliyetushika macho ni korongo taji. Ana kimo cha kama mita 1, mwili wa kijivu, mbawa zenye weupe na dhahabu, shavu jeupe, na juu ya kichwa taji la nyuzi za dhahabu zilizosimama. Ndiye aliye katikati ya bendera ya jirani zetu wa Uganda. Walikuwa wawili, dume na jike, na watoto walituambia kwamba ni wawili hao hao kila mwaka. Wanaokaa nao huthibitisha jambo hilo: korongo hawa wakishaoana hawaachani kwa wepesi. Asubuhi moja tuliwaona wakicheza juu ya nyasi, mmoja akiinamisha kichwa na mwingine akiruka, mbawa zimefunguliwa. Tukawakumbusha watoto maana ya aya ya 41 ya Sura An-Nur, kwamba ndege wanaokunjua mbawa zao wanamsabihi Mola wao na kila mmoja anaijua sala yake. Siku ile aya ilihifadhiwa darasani bila ya kiboko.

Agosti

Tulirudi Agosti. Mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo, na kinamasi kimefunga kwa matete hata maji hayaonekani. Siku ya tatu mtoto wa mwenyeji wetu, kijana wa miaka 9, alikuja mbio amekumbatia kitu ndani ya shati. Kilikuwa kifaranga cha korongo, chenye manyoya laini ya rangi ya kahawia, miguu mirefu kuliko mwili. Alikuwa amekikuta ukingoni mwa kinamasi.

Mama wa nyumba alikitazama, kisha akatugeukia. "Maalim," alisema, "hii inafaa kwetu? Mtoto afuge, au arudishe?"

Tulikuwa tunakunywa chai na darasa linatungoja. Tukamjibu papo hapo kwa hadithi ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Mtoto yule alikuwa na kindege alichokuwa akicheza nacho, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimliwaza kwa upole na maskhara mema. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wameitolea hoja kwamba yafaa mtoto kufuga ndege. Tukasema: inafaa, hakuna ubaya. Mtoto akaruka kwa furaha, na sisi tukaenda darasani.

Siku zile mbili zilizofuata, korongo wale wawili walikuwa wakija hadi karibu na ua na kulia. Sauti yao ni kama parapanda, hubeba mbali. Tuliwasikia tukiwa tunasomesha. Tulidhani wanalia kama wanavyolia siku zote. Wiki ile tukaaga na kurudi pwani.

Kiangazi

Desemba tulikwenda na ahli yetu, aliyetaka kuwaona wenyeji aliowasikia kwa simu tu. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamekauka, anga limekuwa pana na la buluu. Bwawa lilikuwa limepungua na kuacha ufuko wa tope, na juu ya tope lile palikuwa na wageni. Palikuwa na ndege wadogo wenye miguu myembamba wakichokoa matope, wengine wenye vifua vya manjano wakitikisa mikia kwenye miguu ya ng'ombe, na mbayuwayu kwa mamia wakikata hewa jioni. Hao hawazaliani Lumakanda. Hutoka Ulaya na Asia, huingia kwetu kuanzia Septemba na Oktoba kule kunapoanza baridi, na hurudi Machi na Aprili.

Sisi wa pwani tunazielewa safari hizo kuliko watu wa bara. Majahazi ya babu zetu yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na hadi leo anayesimama Mida karibu na Watamu, au mdomo wa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, miezi hiyo ataona ndege wa pwani kwa maelfu wakila maji yanapotoka. Wamo weupe na weusi wenye mdomo mnene, walao kaa, ambao viota vyao huchimbwa mchangani katika fukwe za bara Arabu na visiwa vyake. Hawana pasi wala mizigo, na hawapotei. Aya ya 19 ya Sura Al-Mulk inatuuliza kama hatuwatazami ndege walio juu yetu, na inatukumbusha ni nani Anayewashika wasianguke.

Tuliuliza habari za kifaranga. Mwenyeji wetu alijibu kwa kifupi kwamba kilikufa, kisha akazungumza habari za bei ya mahindi. Usiku, tulipokuwa peke yetu, ahli yetu ndiye aliyetueleza yaliyosemwa jikoni. Kifaranga kilipewa ugali na mtama, kikala kidogo, kikaacha. Mtoto alikilaza karibu na jiko kipate joto. Siku ya tisa hakikuamka. Tangu hapo mama yake alikuwa akijilaumu kwa kukiacha kiingie nyumbani. "Wewe hakulaumu," ahli yetu alisema. "Anasema Maalim aliruhusu, kwa hiyo kosa ni lake yeye aliyeshindwa kukitunza. Na yule mtoto hashuki tena bwawani."

Hatukulala vizuri. Mtu mmoja alitegemea jibu letu, na jibu lilipomdhuru alijitwika mzigo yeye badala ya kuturudishia.

Siku mbili baadaye tulimwomba mwenyeji wetu atupeleke Saiwa, pamoja na mkewe na mtoto. Hifadhi ya Taifa ya Saiwa iko Trans Nzoia, mbele ya Kitale katika njia ya Kapenguria. Ni ndogo kabisa miongoni mwa hifadhi za taifa za Kenya, takriban kilomita 3 za mraba, nayo ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame, ambaye akiogopa hujitumbukiza majini akabakisha pua. Gari haliingii ndani. Mtu hutembea kwa miguu chini ya miti, akipanda majukwaa ya mbao na kutazama kinamasi kwa kimya. Kimya kile kiliwafaa watoto na wazee pia. Maji ya Saiwa huingia mtoni Nzoia, mto ule ule unaopokea kijito cha Lumakanda, ambao huanzia milima ya Cherang'any, ukapokea maji ya Elgon, ukaanguka katika maporomoko ya Webuye, ukapita nchi ya Mumias na kumwagika katika Ziwa Viktoria huko Bunyala. Kinamasi kikilimwa juu, maji huteremka kwa kasi yasipate pa kupumzikia, na watu wa Bunyala huyajua mafuriko kwa majina ya vijiji vyao.

Mzee aliyetuongoza alikuwa amekua na korongo taji. Katika kijiji cha Kipsaina, kilicho jirani na hifadhi, wananchi wenyewe wamekuwa na kikundi cha kulinda korongo na vinamasi tangu miaka ya 1990, na habari zake si ngeni kwa mtu yeyote wa upande ule. Tulimweleza kisa chetu bila ya kuficha. Alimtazama mtoto kwanza, akamwambia: "Hukuua wewe, mjukuu wangu. Ulipenda tu bila ya kujua." Kisha akatufundisha sote.

Korongo taji hutaga mayai 2 au 3, mara chache 4, juu ya jukwaa la matete walilokanyaga wenyewe katikati ya maji. Dume na jike hulalia kwa zamu kwa karibu mwezi mmoja. Kifaranga akianguliwa hakai kiotani, bali huwafuata wazazi wake upesi, nao humwonyesha panzi, minyoo na vyura. Ndiyo maana mtoto humkuta akitembea na kudhani amepotea. Hajapotea, wazazi wake wako hatua chache kwenye majani. Hupita miezi miwili au mitatu kabla ya kuweza kuruka, na muda wote huo anaweza kukamatwa na mtoto yeyote. Ugali haumfai. Na wazazi wanaolia karibu na nyumba, alisema, wanaita.

Aliongeza kwamba tangu mwaka 2012 ndege huyu amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa ili vilimwe, mikaratusi inapandwa mahali pa matete na kunyonya maji, mayai na vifaranga vinachukuliwa, na nyaya za umeme zinawaua wakubwa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mtu kuweka mnyama wa mwituni nyumbani bila ya kibali. Hili pia hatukuwa tumelichunguza kabla ya kufungua kinywa.

Masahihisho

Tuliporudi Lumakanda tuliwakusanya watoto na wazazi baada ya Isha, tukasema yafuatayo, na ndiyo tunayoyarudia hapa.

Hadithi ya Abu Umayr ni sahihi, na hukumu yake ni sahihi. Kosa letu ni kuisoma peke yake. Wanazuoni walioruhusu kufuga ndege wameshurutisha alishwe chakula chake, anyweshwe, wala asiteswe, na wameegemea hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa: je, nyumba hii inajua chakula cha kiumbe huyu? Hatukuliuliza.

Na iko hadithi nyingine iliyokuwa karibu zaidi na jambo lenyewe. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Masud, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege mdogo na makinda wake wawili, wakawachukua makinda. Mama yao akaja akitandaza mbawa zake. Mtume (S.A.W.) alipomwona, aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuuliza kama ndege ni wa halali kuliwa, wala kama waliowachukua walikusudia wema. Alitazama huzuni ya mama. Na sisi mama na baba walikuja hadi uani, wakalia siku mbili, tukaendelea kusomesha tajwidi.

Tulimaliza kwa kusema kwamba mama wa nyumba alifanya lililompasa, aliuliza. Aliyepaswa kufikiri ni sisi. Tuliomba radhi kwake na kwa mwanawe. Alijifunika uso kwa ukingo wa mtandio, akasema, "Maalim, tumesameheana." Mtoto hakusema kitu, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kushuka bwawani.

Baada ya hapo

Aprili iliyofuata mvua zilirudi, na korongo wawili walirudi kwenye kinamasi. Mambo hayakuwa sawa yote. Jirani mmoja alikuwa amelima sehemu yake hadi kwenye maji na kupanda mikaratusi, na hatuwezi kumkemea kwa maneno mepesi, kwani ana watoto sita na karo ya shule, na gunia la mahindi ndilo benki yake. Mwenyeji wetu, ambaye naye alikuwa amekusudia kukausha upande wake, alifikiri wiki nzima, kisha akaamua kuuacha na matete yake. Wanawake wa hapo walikubaliana kukata matete ya kusukia mikeka upande wa mbali tu, na baada ya Agosti. Watoto wa madrasa wakajipangia zamu ya kuzuia mbwa.

Agosti hatukwenda, kwa sababu ya maradhi katika familia. Lakini jioni moja simu yetu ilipokea sauti iliyorekodiwa. Mwanzo ilikuwa ni upepo tu na maji. Kisha parapanda ya korongo, na baada yake sauti ya yule kijana, ikinong'ona ili isiwatishe: "Maalim, wako wawili. Wanatembea nyuma ya mama yao. Sijawagusa." Baadaye tuliambiwa kwamba mmoja alichukuliwa na mwewe. Mwingine aliruka mwezi wa Oktoba.

Ndugu zetu, si lazima mwende Lumakanda. Watoto wenu wakiwa likizo, wachukueni alfajiri hadi ufukoni, mikokoni au kwenye bwawa lolote lililo karibu, wakae kimya nusu saa na kuhesabu aina ngapi za ndege wameziona, kisha warudie mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba walinganishe. Wakikuta kinda chini, waliache na wajitenge mbali, kwa kuwa mara nyingi wazazi wake wanangoja tuondoke. Mwenye shamba akumbuke kwamba mti apandao Muislamu, ndege akala katika matunda yake, huandikiwa sadaka, kama ilivyopokewa kutoka kwa Anas katika Bukhari na Muslim. Na mama anayetuuliza swali akiona tunajibu huku tunakunywa chai, tunamwomba aturudishie swali lake mara ya pili.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kufikiri, na atujaalie kuwa ni rehema kwa viumbe vyake. Wallahu a'lam.